Kivuli cha Panzi

Mwalimu wa Picha hakujua kuchora. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu wageni wote waliofika shuleni kwetu walidhani kinyume chake, na yeye hakuwa na haraka ya kuwasahihisha. Akichora ng'ombe ubaoni, wanafunzi walibishana kama ni meza au kitanda. Ramani yake ya Tanzania ilikuwa na umbo la kiazi kilichotafunwa na fuko, na mwaka mmoja Ziwa Rukwa alilisogeza mpaka karibu na Tabora. Watoto wa kidato cha pili wakapiga kelele, "Mwalimu, tumehamishwa!" Akageuka, akaitazama ramani yake, akacheka pamoja nao mpaka akafuta machozi kwa mkono wenye chaki. Aliajiriwa kufundisha Jiografia, lakini sikuwahi kusikia mtu akimwita Mwalimu wa Jiografia.

Tuliishi jirani miaka mingi, kwenye nyumba za walimu za shule ya sekondari iliyo nje kidogo ya Sumbawanga, barabara ya kuelekea Nkasi. Mimi nilikuwa katekista. Nilifundisha vipindi vya dini na nilikuwa matroni wa bweni la wasichana. Wanafunzi waliniita Bibi hata kabla sijafikia umri wa kuitwa hivyo. Yeye aliniita Mama, ingawa hatukupishana sana kwa umri, na asubuhi za mwezi wa sita, baridi inapokata masikio, alinipa shikamoo kutoka upande wa pili wa ua akiwa amejifunga blanketi kama mgonjwa. Namshukuru Mungu kwa ujirani ule. Sikuelewa nusu ya mambo aliyoyahangaikia, lakini nilimwona akiyahangaikia kwa ajili ya watoto wasio wake, na hilo lilinitosha kumheshimu.

"Mungu alinipa macho, Mama," alikuwa akisema. "Mkono akampa mtu mwingine. Kazi yangu ni kumtafuta huyo mtu."

Alimtafuta kila wanafunzi wapya walipofika. Walimu wenzake waliingia vyoo vya wanafunzi kutafuta wavuta sigara. Yeye aliingia kutafuta wachoraji. Alisoma kuta zile kwa subira, akikwepa matusi, mpaka apate mstari unaomridhisha. Mwaka mmoja mtu alimchora Mkuu wa Shule kwa mkaa, tumbo mbele na fimbo nyuma, amefanana mno. Mwalimu wa nidhamu akasimama mstarini akitetemeka kwa hasira, akitaka mhusika ajitokeze. Mwalimu wa Picha akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Mwalimu, huyo mtu akipatikana naomba mnipe mimi kwanza."

"Umpeleke wapi?"

"Nimwonyeshe makosa. Miguu ameifanya mifupi."

Mstari mzima ukaangua kicheko, na Mkuu mwenyewe akainama kuficha uso. Mhusika hakupatikana siku ile. Alijileta mwenyewe kwa Mwalimu wa Picha baadaye, kuuliza miguu inatakiwa iweje.

Neno kipaji hakulipenda. Ukilitamka mbele yake alikunja uso kama mtu aliyetafuna jiwe kwenye wali. Alisema watu wakisikia kipaji wanapiga makofi, halafu wanaondoka wakiamini wameshasaidia. Yeye alisema mzigo. Alikuja uani kwangu, nikiwa napepeta ulezi, akasimama bila kukaa. "Mama, kidato cha kwanza mwaka huu kuna mtoto ana mzigo." Nikajua kwamba kwa miaka minne inayofuata jirani yangu hatalala vizuri.

Alikuwa na namna yake ya kutazama picha. Aliishika kwa mikono yote miwili, akainyoosha mbele yake, kisha akarudi nyuma hatua kwa hatua kana kwamba picha inamsukuma. Alirudi nyuma hivyo mpaka ukuta umzuie, na pasipokuwa na ukuta hakuzuiwa na kitu. Amekanyaga mchicha wangu, ameangukia mtaro wa maji ya mvua, na siku moja alimkalia mke wa mlinzi aliyekuwa akichagua maharage barazani. Alipofika mwisho wa safari yake aliuliza swali lilelile kila siku: "Jua liko wapi?"

Alimaanisha jua la ndani ya picha. Kwake kila picha ilikuwa na jua, hata kama halikuchorwa, na lazima mchoraji ajue limesimama upande gani, kwa sababu kila kitu chenye mwili kinaangusha kivuli upande wa pili. Mtoto aliyechora mtungi bila kivuli aliambiwa, "Mtungi wako unaelea. Ushushe chini." Aushushe wapi, na kwa namna gani, hakuweza kumwonyesha kwa mkono wake. Alimchukua mtoto mpaka kwenye mtungi halisi, jikoni kwangu mara nyingi, akamwambia atazame mpaka aone. Nimewahi kupika makande mchana mzima nikiwa nawaruka watoto watatu waliokaa chini wakiitazama sufuria yangu.

Hata kanisani hakuacha. Alichelewa Misa, akasimama nyuma, na macho yake hayakuwa altareni bali ukutani, kwenye picha za Njia ya Msalaba. Kwaresima moja tulipokuwa tukienda kituo hadi kituo, akaniinamia sikioni katikati ya sala.

"Mama, kivuli cha askari kinaenda huku. Cha Bwana Yesu kinaenda kule. Majua mawili Kalvari?"

"Piga magoti," nikamwambia.

Akapiga. Lakini tangu siku ile, nikifika kituo kile, nayaona majua mawili, na imenibidi kumwomba Mungu anisaidie nitazame msalaba. Nilimlaumu kwa hilo. Akaniambia kwamba aliyechora alikuwa na haraka, na kwamba kumchora Bwana kwa haraka ni jambo la kusikitisha.

Mtu wa namna hiyo ungedhani nyumba yake imejaa picha. Kuta zake zilikuwa tupu, ila kalenda ya duka la pembejeo. Nilimuuliza sababu. Akasema picha za watoto si zake, na akitundika ya mmoja, mwingine atakuja kuomba chumvi aione, asilale. Lakini nadhani kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakuisema. Picha ikikaa ukutani mwaka baada ya mwaka, na aliyeichora anauza soda stendi, nani anaweza kuitazama kila asubuhi?

Maana hivyo ndivyo walivyoishia wengi wao. Shule yetu haikuwa na somo la sanaa, na asiyefundishwa somo hawezi kulifanyia mtihani. Mwalimu wa Picha aliomba, akakataliwa, akaomba tena. Chumba hakipo, aliambiwa. Vifaa havipo. Mwalimu aliyelisomea hayupo.

"Basi nipelekeni nikasome," alisema kwenye kikao.

"Wewe?" Mkuu wa Shule akasema, na hakuwa mtu mbaya. "Na ng'ombe wako yule wa miguu mitano? Si utatuaibisha sote."

Walimu wakacheka, naye akacheka. Mwishoni Mkuu akampa stoo ya majembe, aitumie Jumamosi. Yeye na watoto waliyasogeza majembe pembeni wakakaa juu ya magunia. Karatasi alizipata kwa mafundi ujenzi: mifuko ya saruji, aliifungua, akaikung'uta vumbi, akaipiga pasi ya mkaa mpaka ikanyooka. Kalamu zao zilikuwa mkaa wa vijiti vya mpera, aliouchoma ndani ya kopo la maziwa ya unga lililofunikwa ili vijiti visiwe majivu. Vifutio havikuruhusiwa. Mlangoni aliwapokonya wote. "Kosa likae," alisema, "tulione sura yake." Na mtu huyohuyo, ukutani kwake nikigusa kwa mkono wenye unga, alileta kitambaa kufuta kabla sijaaga.

Alikwenda mjini mara nyingi kuomba msaada kwa wakubwa. Alirudi amepongezwa. Hilo ndilo jambo lililomchosha kuliko yote, pongezi. Wakubwa walikuja shuleni siku za sherehe, na kabla ya kila sherehe Mkuu alituma watu haraka stoo: mgeni rasmi achorwe, akabidhiwe picha yake. Watoto walichora. Mgeni alipokea, akaonyesha umati, akasema taifa linajivunia vipaji kama hivi. Makofi yakapigwa. Gari likaondoka, picha ikiwa kiti cha nyuma. Mwalimu wa Picha alibaki amesimama na mikono yake nyuma, akitazama vumbi, na watoto wakimtazama yeye.

Katika wote aliowapata, alizungumza zaidi juu ya mmoja, na mimi pia ninamkumbuka zaidi kwa sababu alilala bwenini kwangu. Aliitwa Skolastika, mtoto wa mkulima wa kijiji cha Kate. Alikuwa mpole, mwenye mikono mikubwa kuliko umri wake. Wiki ya kwanza niliona ukutani juu ya kitanda chake jogoo aliyechorwa kwa mkaa, amesimama, kichwa ameinamisha kuchungulia. Nilitaka kumgombeza. Nikajikuta nimesimama pale nikisubiri jogoo adonoe. Nikamwita jirani yangu.

Alitazama kwa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakurudi nyuma na hakuuliza jua liko wapi. Alikaa kitandani pa mtoto bila kuomba ruhusa.

"Mama," akasema, "huyu nitamfanyaje?"

Baba yake alikuja Skola alipokuwa anaingia kidato cha tatu, wakati wa kuchagua masomo. Alishuka kwenye lori la mahindi, amevaa koti zito, akapiga makofi taratibu ya heshima kabla ya kusalimia. Tulikaa uani kwangu, sisi watatu, kwa sababu Mwalimu wa Picha aliogopa kuwa naye peke yake. Akamwonyesha picha, mifuko ya saruji mitupu imejaa kuku, mikokoteni, akina mama wakitwanga, vilima vya kwao na mawingu yake. Mzee alizitazama kwa adabu zote. Alimtambua ng'ombe wake.

"Huyu ni yule wangu wa pembe iliyovunjika," akasema, akicheka kwa mshangao. Kisha akazikunja vizuri. "Mwalimu, ni nzuri. Lakini nitazitia wapi? Ghalani pamoja na ulezi?"

"Zipo shule, baba. Vipo vyuo."

"Sikiliza. Mama yake huyu alishikwa na uchungu njiani tukimpeleka zahanati. Tukafika, nesi hayupo. Mtoto tulimzika. Skola alikuwa mdogo, lakini aliona. Nimemleta hapa awe nesi. Yeye mwenyewe alisema."

Mwalimu wa Picha akamwita binti. Akamuuliza mbele yetu anataka nini. Skola akatazama chini. "Nataka vyote," akasema.

"Basi atakuwa nesi anayechora," mwalimu akamwambia mzee.

"Nesi anayechora!" Mzee akacheka, akanigeukia. "Umesikia, mama katekista? Atawachora wagonjwa badala ya kuwadunga." Akampa mwalimu mkono. "Sawa. Lakini unesi utangulie. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana."

Nilishuhudia mkono ule. Nilishukuru, nikasema moyoni kwamba Mungu amefungua njia. Na kwa miaka miwili ilionekana hivyo. Skola alisoma sayansi na kuchora Jumamosi. Picha zake zilipata uzito ambao siwezi kuueleza, mimi nisiyejua mambo hayo. Ukiona kikapu alichokichora, ulijua kimebeba kitu. Alikuwa ameelewa kivuli kuliko aliyemfundisha.

Shida ilitoka mahali ambapo hakuna kati yetu aliyetazama. Mwalimu wa Biolojia, ambaye wote walimwita Madam, alikuwa dada kijana, mkali, mwenye haki. Alimfuata Mwalimu wa Picha mpaka stoo ya majembe akiwa na mchoro mkononi. Nilikuwa nimepeleka uji.

"Mwalimu, huyu mtoto wako unaniharibia."

Ulikuwa mchoro wa mzizi wa karoti. Uliweza kuuchomoa ukaula.

"Mbona mzuri?" akasema Mwalimu wa Picha.

"Ndiyo tatizo, mzuri! Mchoro wa biolojia hautiwi kivuli. Mistari tu, misafi, na majina pembeni. Akitia kivuli, sehemu hazionekani, anakatwa. Nimemwambia, nimemchapa, anatia. Namuuliza kwa nini, ananiambia, 'Madam, unaelea.' Sasa karoti kuelea inanihusu nini mimi?"

Tulicheka, hata Madam. Lakini Mwalimu wa Picha aliacha kucheka kabla yetu. Alikuwa amekaa juu ya gunia, anautazama mchoro, na nikaona ameelewa.

Tangu siku ile mpaka mtihani wa taifa, alijaribu kumwondolea mtoto alichompa. Sijui kama mnaweza kuipata picha ile. Kila jioni walikaa barazani kwake na mdudu, au ua, au mfupa wa kuku, na yeye, ambaye kwa miaka yote alikataa kugusa mkaa mbele ya watoto wale, sasa alishika penseli. Alichora panzi wake: bapa, mgumu, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, hana jua wala ardhi. Akamwekea Skola mbele.

"Chora kama mimi."

"Kama wewe, mwalimu?"

"Kama mimi. Vibaya."

Yule binti alikaza taya. Alianza vizuri, mstari mmoja, mstari wa pili. Kisha nilimwona mkono wake ukilala kidogo upande, penseli ikaanza kusugua chini ya tumbo la panzi, polepole, yeye mwenyewe akiwa anatazama pengine. Mwalimu akakohoa. Skola akashtuka, akaomba kifutio. Na yeye aliyewapokonya watoto vifutio miaka yote, alikuwa nacho mfukoni. Akampa.

Nilisali novena, siku tisa mfululizo, kwa ajili yao. Nilitaka kufanya zaidi, lakini sikuona kingine. Kwa nani ungelalamika? Madam alikuwa sahihi. Mtihani ulikuwa sahihi. Mzee wa Kate alikuwa sahihi kuliko wote. Na mkono wa mtoto ulikuwa sahihi pia, kwa namna yake.

Siku ya mtihani wa vitendo wa Biolojia tulisimama chini ya mikaratusi, mbali na chumba, kama wazazi. Walipotoka, wenzake walikuwa wakibishana juu ya majibu kwa sauti. Skola alikuja kwetu taratibu.

"Waliweka nini?" mwalimu akamuuliza.

"Panzi. Wa kweli, kwenye sahani."

"Mistari?"

Akageuza uso kuelekea mikaratusi.

"Skola. Mistari tupu?"

"Nilichora mistari, mwalimu. Nikaandika na majina. Nikabakiwa na muda." Akaanza kulia. "Nilimtia kidogo tu. Chini ya miguu. Alikuwa anaelea, mwalimu, sikuweza kumwacha vile."

Mwalimu wa Picha akamshika kichwa kwa mikono miwili, kama anavyoshika picha. "Umefanya vizuri," akasema. Kisha akasema, "Mungu wangu." Sijui ni lipi kati ya hayo mawili alilolimaanisha. Nadhani yote.

Matokeo yalipotoka, Skola alikuwa amefaulu Kiswahili vizuri sana, amepita Kemia kwa shida, na Biolojia amepata F. Chuo cha uuguzi hakimpokei mwenye F ya Biolojia. Madam alikuja barazani, akakaa, akasema mchoro mmoja haumwangushi mtu, kuna maswali mengine chungu nzima, yule mtoto alikuwa dhaifu pia kwenye nadharia. Alisema kwa upole na nadhani alisema kweli. Mwalimu wa Picha alimshukuru. Lakini nadharia ile mtoto angeisoma saa gani? Jioni zile alikuwa barazani, akijifunza kuchora vibaya.

Mzee wa Kate alikuja. Nilijiandaa kwa ugomvi, hata nikamwomba mlinzi asiende mbali. Hakukuwa na ugomvi. Alipiga makofi yake ya heshima, akasalimia, akakataa kiti, akabaki amesimama na kofia mkononi.

"Mwalimu, tulikubaliana," akasema.

"Tulikubaliana, baba."

Mwalimu akaanza kusema juu ya chuo cha sanaa kilichoko pwani, kwamba ameshauliza, kwamba huko F ya Biolojia si kitu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulinipa neno la unesi," akasema. "Nikalibeba, nikaenda nalo nyumbani, nikampa mama yake. Sasa unanipa neno lingine. Hili nitampa nani?"

Akaomba vitu vya binti yake. Mwalimu akaingia stoo, akatoka na bunda lote la karatasi za saruji, amelifunga kwa kamba ya katani. Mzee akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka kwapani, akaenda barabarani kungoja lori. Tulimtazama mpaka alipopata usafiri. Mwalimu wa Picha hakuingia ndani kula.

Niliongea na Skola mimi mwenyewe alipokuja shuleni kufuata karatasi yake ya matokeo. Nilimshauri arudie mtihani kwa kujitegemea, wengi hurudia. Alinitazama kwa upendo, kana kwamba mimi ndiye mtoto. "Bibi, wakiweka tena mdudu mezani, nitamtia tena." Sasa yuko Kabwe, ziwani, kwa mama yake mdogo, wanaanika dagaa na kuuza. Ameolewa na kijana mzuri. Hana kinyongo na mtu. Krismasi hunipigia simu, na mara moja nilithubutu kumuuliza kama anachora. Alicheka kwa sauti kubwa, kelele za pwani ya ziwa zikisikika nyuma yake. "Bibi, dagaa ni wengi!"

Nilimfikishia mwalimu salamu hizo. Akauliza alichekaje. Nikamwambia, alicheka vizuri. Akasema, "Asante, Mama," akarudi ndani.

Watu wanaoisikia habari hii hutaka nimtaje mwenye kosa. Nimetafuta kwa miaka, na mimi nimezoea kusikiliza watu wakitafuta makosa yao. Simwoni. Najua tu kwamba mtoto alipewa kitu na Mungu, na sisi sote tuliomzunguka, wenye nia njema kila mmoja, hatukuwa na mahali pa kukiweka.

Nilistaafu, nikahamia mtaa wa Majengo, mjini, kwa mwanangu mwenye duka la vipuri vya baiskeli. Mwalimu wa Picha alibaki shuleni. Naye amekaribia kustaafu. Mwaka huu, msimu wa baridi, alikuja kunitembelea mchana, amevaa sweta mbili, amekonda. Tukakaa nyuma ya duka, kwenye jua. Tukaongea habari za mahindi, za Mkuu wa Shule mpya, za magoti yangu. Mjukuu akaleta chai. Nilipomwona anazungusha kijiko muda mrefu katika chai ambayo alikuwa ameshaikoroga, nikamuuliza.

"Kuna mtoto?"

"Yupo, Mama. Kidato cha kwanza."

"Ana mzigo?"

"Kumzidi Skola." Akaweka kikombe chini. "Sikumtafuta. Siku hizi sitafuti. Walimu wenyewe wamemleta mpaka mlangoni kwangu, wamemshika mkono. 'Mwalimu wa Picha, huyu wako.' Kachora mvua, Mama. Mvua yenyewe, hakuna kingine. Nikaona baridi."

"Ukamwambiaje?"

Alitazama mikono yake.

"Nilimwambia aache. Amalize kidato cha nne kwanza, afaulu, halafu tutaona. Nilimwambia kwa upole. Nilimweleza sababu."

"Naye?"

"Akasema, 'Sawa, mwalimu.' Akaacha siku ileile. Nimechunguza madawati, nimechunguza kuta. Hakuna hata mstari." Akasogeza kikombe pembeni. "Mtoto mtiifu, Mama. Nami nilikuwa nangoja anibishie."

Nilimshika mkono tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa, kisha akaaga ili awahi gari la kurudi shuleni.

Mtoto huyo simjui sura wala jina. Ninamtaja kila jioni katika rozari. Maisha yangu yote nimewafundisha watoto utii, nimewaombea utii, nimewashukuru wazazi waliowalea katika utii, na sijutii. Lakini huyu mmoja namwombea kitu ambacho sijawahi kumwombea mtoto yeyote, na ninakiomba kwa sauti ndogo, nikijua ninayemwomba ananielewa. Namwomba Mungu ampe ukaidi kidogo.